Kitabu cha Kumkaa Sekela

Muharami bin Selemani alikuwa fundi cherehani mjini Mbeya, na ungemuuliza yeye mwenyewe angekwambia kwamba alikuwa pia mtu wa Kilwa. Kilwa hakuwahi kuiona. Baba yake ndiye aliyetoka huko, akapanda bara na biashara ya chumvi, akaoa Iringa, akazaa Iringa na akazikwa Iringa. Muharami alizaliwa katika baridi hiyohiyo ya Iringa, akakua kwa ugali na majani ya maboga, akacheza na watoto wa Kihehe mpaka akawa anaota kwa Kihehe. Lakini likizuka neno la lugha, alitanua kifua na kusema, "Sisi watu wa pwani, Kiswahili tumekinyonya."

"Umekinyonya kwenye kibuyu," mkewe Bibie alikuwa akimjibu kutoka ndani.

Cherehani lake lilikaa kwenye baraza ya duka la Girish, Mhindi aliyeuza vitambaa, sukari, misumari na kila kitu kilichoweza kufungwa kwa karatasi. Na hizo karatasi ndizo zilizomfundisha Muharami kusoma. Shuleni hakukaa sana, na chuo cha Kurani alifika juzuu ya Amma akaona inatosha. Kusoma hasa alijifunza ukubwani, kwa vipande vya magazeti ya zamani ambavyo Girish alifungia bidhaa. Siku moja alifungiwa chumvi ndani ya habari ya mtu aliyehisi kitu kizito kimelala miguuni pake kitandani. Gazeti lilikuwa limechanwa palepale mtu yule aliponyanyua shuka. Muharami alirudi dukani kununua chumvi nyingine, kisha nyingine, akitumaini kukipata kipande kilichobaki. Hakukipata. Bibie akabaki na chumvi ya kuweza kukaushia ng'ombe mzima, na Muharami akabaki na ugonjwa wa kutaka kujua mwisho wa kila kitu.

Ndivyo alivyokuwa mwaka wa 1954, msimu wa kipupwe, sanduku la vitabu lilipofika Welfea.

Welfea lilikuwa jumba ambalo watu wazima walikutana kucheza dhumna na kusikiliza redio. Sanduku lililetwa kwa lori, limejaa vitabu vya Kiswahili vilivyopigwa chapa Nairobi, ili watoto wa mji waazime. Mwenye kulitunza alikuwa karani Saulo, Mnyakyusa wa Tukuyu, mtu safi, mpole, ambaye suruali yake ilikuwa na mkunjo uliosimama wima hata siku ya mvua. Saulo alipenda utaratibu. Kila kitabu alikipa namba, na kila mtoto aliyefika alipewa namba iliyofuata. Hakukuwa na upendeleo wala ugomvi. Wala hakukuwa na kusoma.

Jaha, binti wa Muharami, alipewa kitabu cha namna ya kutengeneza ngozi za mbuzi. Alikifungua mara moja, akakifunga, na mama yake akapata kitu cha kufunikia sufuria ya maziwa. Muharami alipokiona alikifuta, akakitia kwapani, akaenda Welfea.

"Karani, mwanangu umempa kitabu cha kuchuna mbuzi."

"Ilikuwa zamu ya kitabu hicho, fundi."

"Zamu ya kitabu! Na zamu ya mtoto je?" Muharami alikuwa na sauti ya kutosha jumba zima, na wacheza dhumna wakaacha kupiga. "Nikishona kanzu moja, nikasema Waislamu wote wa Mbeya waivae kwa zamu, mrefu na mfupi, wewe utaniita fundi?"

Saulo alifikiri kwa uaminifu kabisa. "Nitakuita mtu asiyepoteza kitambaa."

Watu wakacheka, na kwa kuwa walicheka, Muharami hakuweza tena kurudi nyuma. Akasema yeye angeweza kumpima kila mtoto wa mji ule na kumpa kitabu cha kumkaa. Saulo akasema vizuri sana, kuanzia Jumamosi sanduku litakuwa barazani kwa fundi, na kikipotea hata kimoja atakuja na askari.

"Njoo na bendi," akasema Muharami.

Jumamosi ya kwanza alivaa tepu yake shingoni, akaketi kama mganga. Aliwapima watoto kwa macho, kama alivyozoea kuwapima wateja wanaopita njiani. Mtoto wa Bushiri muuza nyama akapewa kitabu cha ufugaji wa ng'ombe. Hemlata, binti wa Girish, akapewa kitabu cha namna ya kuendesha duka. Mtoto mmoja wa jirani yao Verediana, mwembamba kama ufito, akapewa kitabu cha vyakula vinavyojenga mwili. Kazi iliisha kabla ya adhuhuri na Muharami akaagiza chai.

Jumamosi ya pili vitabu vilirudi. Mtoto wa Bushiri alisema, "Fundi, ng'ombe nawaona mpaka ndotoni. Huna kitabu kisicho na damu?" Hemlata alikiweka chake mezani kwa ncha za vidole. "Kwetu duka tunalila asubuhi, mchana na jioni," akasema. "Sasa usiku nilale nalo?" Mtoto wa Verediana hakuja. Alikuja Verediana mwenyewe, mikono kiunoni.

"Fundi, mwanangu umemwona ana njaa?"

"Hapana, mama."

"Umemwona hali kwangu?"

"Mama, kile ni kitabu tu."

"Kitabu ndiyo, na mtaa mzima umekiona akikibeba."

Alipoondoka, Girish alikuwa ameinama nyuma ya mizani akicheka bila sauti, mabega yakitikisika. Bibie, aliyekuwa ameleta vitumbua, yeye alicheka kwa sauti. Kisha akaketi kwenye benchi.

"Baba Jaha, mtu akikuletea kitambaa, unamwuliza nini kwanza?"

"Anataka mshono gani."

"Hapana. Kwanza unamwuliza anakwenda wapi na hiyo nguo. Harusini, shambani au kazini. Hawa watoto umewauliza wanakwenda wapi?"

Muharami alisema hilo alikuwa akilifikiria yeye mwenyewe, na Bibie akasema bila shaka.

Kumwuliza mtoto "unapenda nini" hakukufaa, maana watoto wote walipenda sukari. Akajaribu maswali mengi mpaka akapata moja lililofungua midomo. Alimwinamia mtoto na kunong'ona, "Wiki hii umegombana na nani, na mlikuwa mnagombania nini?"

Loo! Mtoto wa Bushiri alikuwa amepigana na binamu yake juu ya kama samaki hulala au halali. Hemlata aligombana na kaka yake Anil, aliyesema kwamba hakuna mahali duniani ambapo maji huanguka kutoka mbinguni yakiwa meupe na makavu. Mtoto wa Verediana alitaka kujua kama mtu mwembamba anaweza kumshinda jitu, na alikuwa na sababu zake za kutaka kujua. Muharami akachakura sandukuni. Pengine kitabu kizima hakikufaa, ila kurasa chache tu katikati zilifaa. Basi alikata utepe wa marikani, akatarizi juu yake "anzia hapa", akauchomeka mahali penyewe. Na kwa vipande vilivyobaki kwenye ushonaji alimshonea kila mtoto mfuko wake wa kubebea kitabu, wenye herufi ya jina lake. Wa Hemlata ulitoka kwenye mabaki ya gauni la bibi arusi. Wa mtoto wa Bushiri ulitoka kwenye mfuko wa kaptula, na bado ulikuwa na kifungo.

Aliyeanzia katikati alirudi mwanzo kwa hiari yake, kutafuta mambo yalianzaje. Kufikia msimu wa kupanda mahindi, Jumamosi kwenye baraza ya Girish kulikuwa na mstari wa watoto unaopinda kona. Saulo alikuwa akipita ng'ambo ya barabara, akitazama mbele, akihesabu kwa pembe ya jicho.

Muharami naye hakuwa mtu wa kuficha neema. Aliunda msemo: "Hakuna mtoto asiyependa kusoma; kuna mtoto aliyevalishwa kitabu cha mwenziwe." Aliusema sokoni, msikitini, na kwa dereva wa basi la Iringa ili aupeleke mbele.

"Fundi," Girish alimwambia siku moja, "huo msemo umeusema mara nyingi leo, na bado hatujala mchana."

Dereva aliufikisha kweli, maana dada yake Muharami, Chiku, aliyekuwa mkubwa wake na aliyeishi Iringa, alituma salamu kwamba watoto wa mtaa wake nao wanataka mifuko. Muharami akajibu kwamba hapimi mtu asiyemwona. Ikawa akienda Iringa kusalimia, huenda na furushi la vitabu, anaketi uani kwa Chiku na kuwauliza watoto magomvi yao, na kurudi Mbeya mnene zaidi kuliko alivyoondoka.

Kisha akaja Sekela.

Sekela alikuwa binti wa karani Saulo. Alikuwa darasa la nne, msichana mwenye paji pana na macho ya hakimu, na katika maisha yake hakuwahi kumaliza kitabu. Jambo hilo lilimuumiza Saulo kimyakimya. Mtu anayetunza vitabu vya mji mzima, na nyumbani mwake havifunguliwi! Yeye mwenyewe hakuweza kumpeleka kwa Muharami, baada ya maneno yale ya zamu. Aliyempeleka ni mama yake, Marta, akijifanya amekuja kupunguza gauni.

"Shikamoo, fundi," akasema Sekela.

"Marahaba, mwanangu. Haya niambie, wiki hii umegombana na nani?"

"Na mwalimu. Na tata, yaani baba. Na yule anayeuza mafuta ya taa. Na wewe."

"Na mimi! Lini?"

"Bado kidogo." Alichukua utepe mmoja mezani. "Umeshona 'anzia hapa', lakini hii 'p' inatazama nyuma."

Marta alimfinya. Muharami alicheka cheko la mtu mkubwa, akasema huo ni mtindo, akampa kitabu cha wasafiri waliopotea msituni. Kilirudi Jumamosi iliyofuata.

"Hakikunikaa," akasema Sekela.

"Kinakubana wapi?"

"Kwapani."

Akampa cha wanyama wanaosema. Kikampwaya. Akampa cha msichana yatima aliyeolewa na mfalme. Hicho Sekela alisema kimekatwa upande mmoja, kwa sababu hakuna aliyemwuliza mfalme anafanya kazi gani. Akampa cha nyota na mwezi, na cha majitu, na cha ufugaji wa nyuki. Kila kimoja alisoma ukurasa mmoja, pengine mmoja na nusu, akakirudisha kwa heshima zote.

Mji mdogo hauna siri. Bushiri muuza nyama alikuwa akipita na kuuliza, "Fundi, Sekela amevaa?" Na wazee msikitini walimwuliza hivyohivyo, kwa upole mkubwa zaidi, ambao ulichoma zaidi. Ule msemo wake aliacha kuusema. Girish alidai kwamba ameukosa.

Mwezi wa pili wa mwaka wa 1955 Muharami alikwenda Iringa kwenye harusi ya mtoto wa Chiku. Siku ya pili ya harusi, watu wameshiba, wakamwomba asimulie habari ya marehemu baba yao, Mzee Selemani, na punda wake aliyependa chumvi. Muharami alisimulia kwa mikono na miguu. Aliigiza punda akilamba mzigo aliobeba mwenyewe, na Mzee Selemani akifika sokoni na gunia jepesi na punda mwenye kiu. Wageni walicheka mpaka wakashikana. Chiku peke yake alikuwa akitikisa kichwa: "Muharami, haikuwa hivyo. Yule punda..." Lakini Muharami hakumsikia. Alikuwa akimtazama msichana mmoja wa rika la Sekela, aliyeacha sinia la pilau ili asikilize.

Kwenye basi la kurudi, kati ya Sao Hill na Makumbako, wazo likamshukia na kumnyoosha mgongo. Kama katika nguo zilizokwisha kushonwa hakuna ya kumkaa mtu, fundi hufanya nini? Hukata kitambaa kipya. Angemwandikia Sekela kitabu.

Aliandika masika yote. Mvua za Mbeya ziliwafungia wateja majumbani, na yeye aliketi barazani na karatasi za kaki alizopewa na Girish, akiandika kwa wino bila kufuta hata neno, kwa sababu mtu aliyenyonya lugha hafuti. Bibie alisomewa sura ya kwanza akasinzia. Muharami alisema hiyo ndiyo dalili ya utamu. Alipomaliza, alizipitisha karatasi kwenye cherehani, akazishona mgongo kwa uzi wa mara mbili, akazivika jalada la khaki lililotarizwa: *Punda wa Mzee Selemani*. Alikuwa hajawahi kushona kitu kizuri kama kile. Akakitia kwenye mfuko wenye herufi S, na Sekela alipokuja akampa kwa mikono miwili.

Sekela alisoma mstari wa kwanza papo hapo. Nyusi zake zikapanda. Akasoma wa pili. Akafunga, akasema asante, akaenda zake kwa haraka.

"Umeiona ile?" Muharami alimwambia Girish. "Umeona nyusi?"

Jumamosi iliyofuata Sekela hakuja. Wala ile iliyofuata. "Amezama," Muharami alimwambia kila aliyepita. Akaanza tena kusema msemo wake, na akawa anafikiria kitabu cha pili, na pengine picha yake yeye mwenyewe mwanzoni.

Sekela alikuja wiki ya tatu, asubuhi, baraza imejaa. Bibie alikuwepo na vitumbua vyake, Bushiri alikuwepo, na watoto wote kwenye mstari. Alikuwa na kitabu mkononi, na sikioni alikuwa amechomeka penseli nyekundu ya ofisini kwa baba yake.

"Haya, mwanangu!" Muharami alisema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani. "Kimekukaa?"

"Nimekileta turekebishe," akasema Sekela, akakifungua mapajani. Kurasa zilikuwa nyekundu kama zimetapakaa ndui. "Umeandika, 'Baba yangu alikuwa na punda moja kubwa. Punda hiyo ilikuwa inapenda chumvi.' Ni punda *mmoja mkubwa*. Punda *huyo alikuwa* anapenda."

"Kilwa tunasema hivyo."

"Mama Jaha anasema Kilwa hujafika."

Bibie akaanza kupanga vitumbua vilivyokwisha kupangwa.

"Hayo ni madogo," Sekela aliendelea, akilamba kidole na kufunua. "Hapa wametoka Kilwa wanakwenda Iringa, na wamelala Makumbako. Nimemwuliza dereva wa basi. Anasema mtu akitoka Kilwa, Iringa anaifikia kwanza. Makumbako ni mbele, njia ya kuja kwetu. Labda punda alikuwa amepitiliza?"

"Labda alipitiliza," alisema Muharami, ambaye alianza kusikia joto.

"Lakini hapohapo Makumbako ameumwa na nyoka, amekufa. Umeandika, 'Tukaizika.' Nimelia." Alisema hivyo bila aibu, kama mtu anayetoa ushahidi. "Halafu nikafunua, nikamkuta anavuka mto Ruaha amebeba chumvi."

Bushiri alikuwa ameuma ncha ya kofia yake.

"Huyo ni punda mwingine," alisema Muharami.

"Wa nani?"

Girish hakuweza zaidi. Alitoa mlio kama birika, akashika nguzo ya baraza, na baada ya hapo hakuna aliyeweza kujizuia. Watoto walicheka, Bushiri alicheka, wapita njia walicheka bila kujua wanacheka nini. Bibie alilia machozi kabisa. "Kibuyu kimetoboka!" alisema, na kila alipojaribu kunyamaza aliona jalada la khaki akaanza upya.

Sekela peke yake hakucheka. Aliwatazama kwa mshangao, kidole chake bado kiko kwenye ukurasa. Alikuwa na mengi bado.

Muharami alimchukulia kitabu kile taratibu, akakiweka chini ya cherehani, akasema leo ana kazi za watu. Siku ile hakupima mtoto. Na siku zilizofuata alishona bila kuimba, akawa anaitikia salamu kwa pua. Bibie, alipoona kicheko chake kimeingia ndani zaidi ya alivyokusudia, alimpikia wali wa Usangu kwa nazi iliyokuja na basi kutoka pwani. Alikula akasema nazi ni ya zamani.

Aliyekuja kumtoa huko alikuwa Saulo. Alifika jioni ya siku ya kazi, mkunjo wa suruali wima, akasimama chini ya ngazi kama mtu aliyeshtakiwa.

"Fundi, nimekuja kuomba radhi. Mtoto hana adabu. Na penseli ni ya serikali."

"Hakunitukana," alisema Muharami akiwa ameinama. "Alisoma tu kilichoandikwa."

"Ndiyo hilo sasa." Saulo alipanda ngazi moja. "Alisoma. Fundi, alikisoma akichambua maharage. Alikisoma amembeba mdogo wake mgongoni. Mama yake alimtuma maji, akakaa huko mpaka tukaenda kumtafuta, tukamkuta ameketi juu ya ndoo anasoma. Alipofika pale punda alipokufa hakula. Amekirudia tangu mwanzo sijui mara ngapi, akitafuta makosa. Mimi mtoto huyu nimempa vitabu tangu alipojua herufi, hakuwahi kufika ukurasa wa tatu." Akatazama mlima Loleza, ambao ulikuwa umevaa wingu. "Sijui umempimaje. Nimekuja kukushukuru."

Muharami alisimamisha gurudumu la cherehani kwa kiganja. Mambo mengi yalimpitia usoni, na Saulo, mtu mstaarabu, aliendelea kutazama mlima. Kwamba kitabu cha kumkaa yule mtoto kilikuwa kitabu kibovu. Kwamba katika Mbeya nzima hakuna mwingine ambaye angeweza kukiandika kibovu kiasi kile kwa moyo mkunjufu kiasi kile. Hilo lilichukua muda kumeza. Lakini lilipokwisha kupita kooni, lilishuka vizuri.

"Mwambie aje Jumamosi," alisema mwishowe. "Mwambie punda nimemfufua kwa sababu nilimpenda. Lakini nitamrekebisha."

"Na penseli?"

"Aje nayo."

Wakaketi Jumamosi ile, mzee na mtoto, kitabu katikati. Sekela alieleza na Muharami alibisha, na alipokwisha kubisha aliandika. Toleo la pili lilikuwa na makosa machache zaidi, jambo ambalo lilimvunja Sekela moyo kidogo. La tatu lilikuwa safi karibu lote, na nyoka alikuwa amehamishiwa Iringa. Ndipo Muharami, aliyekwisha kujua sasa mtoto huyu anakwenda wapi na nguo yake, alipofunua sanduku la Nairobi na kusema kwa sauti ya kukata tamaa, "Mimi ni fundi cherehani, kosa kwangu si ajabu. Lakini hivi vimeandikwa na wasomi, vikasahihishwa na wasomi. Humu hata wewe hutapata kitu."

Sekela alilitazama lile sanduku kama paka anavyotazama tundu la panya.

Alilimaliza kabla mwaka haujaisha. Mle ndani aliona herufi zilizoruka na mto uliobadilisha jina kati ya kurasa mbili, na alimletea Muharami kila kosa kwa furaha ya mtu aliyeokota shilingi. Lakini Muharami aliona pia kwamba wiki nyingine alikuja bila kosa lolote, na hakukumbuka hata kusema kwamba hakuliona. Alikuwa akisimulia tu. Siku moja alifika macho mekundu, kwa ajili ya kile kitabu cha yatima na mfalme alichokikataa zamani. Muharami alimwuliza kama mfalme amepata kazi. "Fundi, niache," akasema Sekela.

Mwezi wa kwanza wa mwaka wa 1956 alikwenda shule ya kati ya wasichana, ya bweni, ng'ambo ya Iringa. Saulo na Marta walimsindikiza kwenye basi. Muharami naye alikuja, na mfuko mpya wenye kamba mbili, maana vitabu vya huko vitakuwa vizito. Sekela alilala kwa Chiku njiani. Wiki haijaisha dereva alileta ujumbe wa Sekela kwa fundi, akiusema polepole asije akakosea: kwamba dada Chiku amesema punda alikuwa jike, kwamba jina lake lilikuwa Tabu, na kwamba hakupenda chumvi hata kidogo, chumvi ilimwagika kwa sababu Mzee Selemani alinunua gunia lenye tundu.

"Hayo si makosa ya kuandika," Muharami alifoka mbele ya baraza nzima. "Hayo ni mambo ya urithi!" Lakini alionekana mchana ule akitafuta karatasi za kaki.

Kazi ya Jumamosi iliendelea. Sanduku la kwanza lilirudishwa likaja jingine, na Saulo alijifunza kuleta vitabu bila namba, ingawa alivipanga kwa urefu. Mtoto wa Verediana alinenepa, si kwa sababu ya kitabu. Jaha alisoma kila kitu isipokuwa vitu alivyoandika baba yake, na hakuna aliyemlaumu.

Likizo ya mwisho wa mwaka wa 1958 Sekela alikuja barazani akiwa mrefu kuliko Marta. Mstari wa watoto ulikuwa umepinda kona kama kawaida, na Muharami alikuwa na harusi tatu za kushona. Mbele ya mstari alisimama mtoto mdogo, mgeni, aliyekuja kutoka Ilomba na shangazi yake, ambaye kila alipoulizwa jambo alitazama vidole vyake vya miguu. Swali la magomvi lilimpita. Shangazi alisema huyu hagombani na mtu, hasemi kabisa.

Muharami alikuna kichwa kwa mkasi. Sekela aliketi chini sakafuni, karibu na vile vidole, akakaa hapo muda mrefu bila kumwuliza chochote. Watoto wengine wakaanza kunung'unika nyuma.

"Nyamazeni," aliwaambia Muharami. "Fundi anapima."